Friji ya Pointi

Ukifika kulipa kwenye supamaketi yetu, keshia hukuuliza kama una namba ya pointi. Wanawake wote wa ploti yetu hapa Makongeni walikuwa wakitaja namba moja, na namba hiyo ilikuwa ya simu yangu.

Sikuchaguliwa kwa ukubwa. Ni kwamba laini yangu sijaibadilisha tangu nilipostaafu kiwanda cha matunda, wenzangu wakaninunulia simu ya kwanza. Auma, ambaye mlango wake unafuatana na wangu na hushona mashati huko Eneo la Viwanda, ndiye aliyeleta wazo hilo kwenye chama chetu cha kuweka akiba. Alisema pointi za mtu mmoja hazinunui hata kiberiti, lakini za ploti nzima zikirundikwa mahali pamoja zitanunua kitu cha kuonekana. Tukakubaliana. Baada ya muda, hata mtoto aliyetumwa mkate aliijua namba yangu kuliko ya mama yake.

Kila mmoja wao aliponunua kitu, simu yangu ililia. Umepata pointi tatu. Umepata pointi moja. Mlio wa kabla jua halijatoka vizuri ulikuwa mkate na maziwa ya Nadira. Mlio wa Jumatatu wenye pointi nyingi ulikuwa Mama Kaleli, anayepika mandazi kwenye steji ya matatu na kununua unga na mafuta kwa katoni. Nilijua nani ameamka, nani amepata mshahara, nani wiki hii amekwama. Nilikaa na simu hiyo kwenye mfuko wa aproni na sikujiona mpweke.

Pointi hizo zilikuwa na kazi. Mjukuu wangu Maxine, anayeniita Kukhu, ana ugonjwa wa sukari, ule unaoshika watoto. Ana miaka kumi na miwili, na mama yake, binti yangu, alifariki kabla Maxine hajaanza shule. Hujidunga insulini mwenyewe, amekaa ukingoni mwa kitanda, ameuma ulimi kidogo kama mtu anayetunga uzi. Chupa anayoitumia inaweza kukaa nje kwa wiki chache. Zile za akiba ndizo zinazotaka baridi, na vyumba vyetu ni vya mabati. Ikifika Februari, hata maji ya kunywa ndani ya jagi huwa ya uvuguvugu.

Mwaka juzi, msimu huo wa joto, dawa yake iliharibika na hatukujua. Alijidunga kama kawaida, asubuhi na jioni, na bado alizidi kukonda na kunywa maji, mpaka siku moja akaanguka mlangoni akiwa na sare ya shule. Alilazwa. Muuguzi aliinua chupa kwenye mwanga wa dirisha, akaitazama kwa muda, akasema, "Shosho, hii dawa iliuawa na joto. Alikuwa anajidunga maji tu." Hakunigombeza. Aliniwekea mkono begani na kunieleza tena, polepole, mambo ambayo labda alikuwa amewaeleza watu kumi siku hiyo.

Tuliporudi nyumbani, Nadira aligonga mlango wangu. Anakaa upande wa pili wa bomba la maji, yeye na mumewe Irshad na watoto wao, na katika ploti nzima ni wao tu walio na friji.

"Nyanya, leta hiyo dawa kwangu," alisema.

"Friji yenu ni ndogo, Nadira."

"Na dawa ni kubwa kama nini? Leta."

Alitenga kikopo cha plastiki chenye kifuniko, akakiweka mbali na barafu kama muuguzi alivyoagiza, akawaambia watoto wake kwamba atakayekigusa atalala nje na kuku. Wakati wa Ramadhani, friji ilipojaa sharubati na matunda mpaka mlango ukafungwa kwa kamba, kikopo cha Maxine hakikuhamishwa.

Basi Septemba, Irshad, ambaye ni dereva wa lori, alihamishiwa kazi Ruiru. Nadira alikuja kuniambia yeye mwenyewe, kabla hajamwambia mtu mwingine. Wangehama Disemba, shule zikiwa zimefungwa. Hiyo friji angeniachia, alisema, lakini ni ya mama mkwe wake na mzee huyo anahamia kwao. Nilimwona akitafuta maneno. Nikamwambia asihangaike.

Jumapili iliyofuata chama kilikutana kwenye baraza. Mama Kaleli ndiye aliyesema kwanza. Si mtu wa maneno matamu, lakini alisema, "Hizo pointi tulikuwa tunangoja nini nazo? Zinunue friji ya huyu mtoto. Mimi nimemaliza." Wengine waliitikia. Nilikwenda ndani nikajifanya natafuta sukari ya chai.

Oktoba mimi na Nadira tulishuka mjini Thika, kwenye supamaketi, kuuliza. Keshia alitazama kwenye kompyuta, akasema pointi zinatosha friji ndogo kabisa na zitabaki kidogo. Tulikwenda kuiona. Ilikuwa nyeupe, haizidi kimo cha kiuno changu. Nadira aliifungua, akaifunga, akaifungua tena.

"Tuchukue leo," alisema. "Nitaita mkokoteni."

Lakini juu ya friji hizo palikuwa na bango jekundu lenye maandishi makubwa: DISEMBA POINTI ZAKO MARA MBILI. Nilisimama nikilisoma. Nilimfikiria Mama Kaleli na katoni zake za mafuta, miaka yote hiyo, na kila mmoja aliyetaja namba yangu badala ya yake. Pointi zikiwa mara mbili, friji ingepatikana, na kila mwanamke angepata unga, mchele na mafuta ya Krismasi. Nisingekuwa nimechukua vya watu na kuwaacha mikono mitupu.

Tena pointi zilikuwa za chama, na chama hakivunjwi kabla ya Disemba. Sisi tunavunja Jumamosi ya kwanza ya mwezi huo. Tunaomba, tunakunywa chai, kisha kila kitu kinawekwa mezani na kila mtu anapewa chake mbele ya wenzake. Hakuna aliyewahi kuchukua fungu lake mapema, hata mwaka ambao Auma alifiwa.

Nilipowaeleza habari za bango, wanawake walifurahi. Walianza kupanga nani anataka mchele wa aina gani. Nadira peke yake hakutaja mchele wowote.

"Sema basi," Auma alimwambia.

"Mimi naona tungechukua tu. Hii mambo ya kungojea duka liwe na huruma, mimi siiamini."

"Wewe unahama, ndio maana una haraka."

"Haya," Nadira alisema. "Mimi nimesema."

Jumamosi ya kuvunja chama ilifika. Wanawake walibaki wakichemsha chai na kupanga viti, mimi na Auma tukatumwa kuleta friji. Auma alikuwa amevaa viatu vyake vya kanisani. Kwenye tawi la Thika tulikuta mahali pale pa friji pamepangwa miti ya Krismasi ya plastiki. Mhudumu akasema friji za ofa zote ziko tawi la Ruiru.

"Twende Ruiru," Auma alisema. "Leo hata ikiwa Mombasa tutaenda."

Tawi la Ruiru ni kubwa, na siku hiyo lilijaa watu mpaka mlangoni. Kila mahali palikuwa na vibandiko vyekundu. Muziki ulikuwa juu sana. Tulizunguka, Auma mbele, mimi nyuma nimeshika mkoba, mpaka tukaiona. Friji ile ile, kimo kile kile. Ilikuwa na kibandiko kikubwa: bei ya zamani imekatwa kwa mstari, bei mpya imeandikwa chini yake.

Nilitazama bei mpya. Nikaitazama tena.

"Auma. Hii bei mpya iko juu kuliko ile ya Oktoba."

"Hapana, mama. Hiyo ni punguzo. Si unaona wamekata?"

"Ya Oktoba nilikuwa na Nadira. Naikumbuka. Hiyo waliyoikata haikuwako kabisa."

Auma aliisogelea karibu. Akacheka kwa pua. "Kumbe walipandisha ndio wapate cha kushusha. Wataalamu hawa. Sawa, si tuna mara mbili? Itatosha tu."

Tulipanga foleni ya kaunta ya huduma. Foleni ilikuwa ndefu na miguu yangu ilianza kufa ganzi. Askari wa mlangoni, mtu mzima mwenye mvi, aliniona. Baadaye nilisoma jina lake kwenye shati: Makau. Aliondoka pale alipokuwa, akarudi na stuli yake mwenyewe.

"Kaa, mama. Foleni yako ataishikilia binti yako."

"Na wewe utakalia nini?"

"Mimi nimekalia tangu asubuhi. Nimechoka kukaa."

Haikuwa kweli. Nilimwona akihamisha uzito kutoka mguu mmoja hadi mwingine mpaka tulipoondoka.

Dada wa kaunta alikuwa amevalishwa kofia nyekundu ya Krismasi iliyomshuka machoni. Nilitaja namba yangu. Aliandika, akatazama, akasema zilizoko ni pointi mia mbili na kumi.

"Angalia tena," Auma alimwambia. "Ni za ploti nzima."

"Nimeangalia, mama. Zile nyingine ziliisha muda. Pointi zote ambazo hazikuwa zimetumika mpaka mwisho wa Novemba zilifutwa. Hizi ni za Disemba peke yake."

"Lakini mlisema Disemba mtaongeza mara mbili."

"Ndio. Za Disemba. Ukinunua Disemba unapata mara mbili. Hizo mia mbili na kumi zimeshahesabiwa mara mbili tayari."

Nilikuwa nimeinuka kutoka kwenye stuli. Sikumbuki kuinuka. Niliuliza, "Na bango?"

"Masharti yako chini ya bango, shosho."

Auma alianza kuongea kwa sauti kubwa. Alihesabu miaka yote ambayo watu walitaja namba ile, alisema mtoto ni mgonjwa, alisema Mungu anaona. Watu wa nyuma yetu waligeuka. Mmoja alisema tuharakishe. Dada wa kaunta hakubishana. Macho yake yalijaa machozi chini ya ile kofia, akasema polepole, "Mama, leo mmekuwa wengi. Mimi naambiwa tu niseme hivi." Alimpigia meneja simu mbele yetu, mara mbili. Meneja alisema kwamba mfumo ukishafuta hauwezi kurudisha.

Nilimwambia Auma twende.

Bango lile lile jekundu lilikuwapo hapo pia, mlangoni. Chini kabisa palikuwa na mstari wa herufi ndogo kama sisimizi wamepanga foleni. Nilijaribu kusoma nikashindwa. Makau alitoa miwani yake mfukoni, akaifuta kwa kitambaa, akanipa. Nikasoma mwenyewe, neno kwa neno. Ilikuwa kama alivyosema yule dada. Huenda hata mwezi wa Oktoba mstari huo ulikuwapo.

"Wengi hawaoni," Makau alisema. "Hata mimi nililinda hili bango mwezi mzima, sikuwa nimelisoma."

Nilimrudishia miwani. Nilimshukuru kwa stuli. Alitufungulia mlango kana kwamba tumebeba mzigo mkubwa.

Kwa pointi zile mia mbili na kumi tulikuwa tumechukua pakiti ndogo za majani chai, moja kwa kila mwanamke, kwa sababu sikuweza kurudi na mikono mitupu siku ya kuvunja chama. Njiani Auma alizihesabu mara nyingi ndani ya mfuko. Tulipokaribia Thika alisema, "Ukitaka, nitawaambia mimi."

"Namba ni yangu," nilimjibu.

Walikuwa wameweka kitambaa cha maua juu ya meza, na pembeni wameacha nafasi. Mtu alikuwa amefagia pale ambapo friji ingesimama kwanza ili iombewe. Maxine alikuwa amevaa gauni lake la rangi ya chungwa. Aliona mfuko wa Auma, akaona nyuso zetu, akaingia ndani kabla sijafungua mdomo. Sijui alijifunza wapi kuwapa watu wazima nafasi.

Niliwaeleza yote. Nilieleza habari za mwisho wa Novemba, za mara mbili, na za bei iliyopandishwa. Nilipomaliza, chai ilikuwa imepoa kwenye vikombe.

Mama Kaleli aliigeuza pakiti yake ya majani mkononi. "Katoni ngapi za mafuta," alisema. Hakuwa akiniuliza mimi. "Ningekuwa natumia namba yangu ningekuwa nakunywa soda kila mwezi."

"Mama Kaleli," Auma alimwambia.

"Sijamlaumu mtu. Nasema tu. Tuliambiwa tuchukue Oktoba."

Kila mtu alimtazama Nadira. Nadira alikuwa akiokota makombo ya mandazi kwenye kitambaa, moja moja. Angeweza kusema. Alisimama akaanza kukusanya vikombe.

Auma alisema tuchange. Wanawake walitazama chini. Pesa za chama zilikuwa mezani, zimekwisha kugawanywa mafungu, na zote zilikuwa na mwenyewe: nauli ya kwenda nyumbani Krismasi, karo ya Januari, kodi ya Bedan mwenye ploti. Mmoja alisema labda mwezi wa pili. Mwingine akaitikia, labda mwezi wa pili. Sikuwachukia. Langu mimi lilikuwa limekwisha kupangiwa vipimo vya sukari vya Maxine.

Nilikwenda kwa Odongo, mwenye bucha ya pale kona. Aliniambia niilete dawa bila malipo, na akafuta rafu ya juu ya friji yake mbele yangu. Kisha akasimama na kitambaa mkononi. "Lakini nikuambie ukweli, mama. Usiku huwa nazima. Tokeni za umeme haziwezi. Nyama inavumilia mpaka asubuhi, sasa dawa sijui." Nilimshukuru kwa kuniambia ukweli. Wengine wangenyamaza na mtoto angejidunga maji tena.

Kliniki walisema wanaweza kumpa Maxine dawa kidogo kidogo, ikiwa ipo. Mara nyingi haipo. Ndiyo maana tunaweka akiba. Muuguzi yule yule alinifundisha kuweka chungu ndani ya chungu, mchanga uliolowa katikati, kitambaa kibichi juu. "Inasaidia," alisema. Nikamuuliza kama inasaidia mwezi wa pili chini ya mabati. Alinishika mkono tu.

Baada ya siku ile ya kuvunja chama, simu yangu ilinyamaza. Mwanzoni nilidhani imeharibika. Nilimpa Maxine aikague.

"Iko sawa, Kukhu. Betri imejaa."

"Hata asubuhi haikulia?"

"Hapana." Kisha akasema, "Labda hawaendi supamaketi."

Lakini niliona mifuko ya supamaketi ikipita mlangoni kwangu. Wanawake walinisalimu vizuri tu, waliniuliza habari za mtoto. Jumatatu Mama Kaleli alipita na katoni zake kichwani, akaniachia mandazi ya moto kwenye sahani, na simu haikulia. Nadhani hakuna aliyekusudia. Keshia akiuliza namba, mtu anasema hana, inaisha. Mimi ningefanya vivyo hivyo. Nilibaki na simu kwenye aproni kama jiwe, sijui tena nani ameamka.

Siku ya kuhama, Nadira alipakia vitanda, akapakia makochi, akapakia masufuria. Irshad alisimama kwenye lori akiita, "Hiyo friji, Nadira, jua linapanda." Nadira alikuwa ameiacha imechomekwa. Kila kitu kilipokuwa ndani ya lori na nyumba imebaki sakafu tupu, friji ilikuwa bado inanguruma peke yake ukutani.

"Nyanya anakuja kuchukua dawa ya mtoto," Nadira alimjibu. "Subiri."

Alikuwa amegandisha barafu kwenye chupa za soda tangu wiki iliyopita, akazijaza mpaka friji yake ikakosa nafasi ya chakula. Alizipanga kwenye beseni, akazifunika kwa taulo nene, akaweka kile kikopo juu, kisigusane na barafu. Alichomoa waya mwisho kabisa. Mngurumo ulipokoma wote wawili tulitazama ukuta.

"Nyanya, ningekulazimisha siku ile," alisema. "Ningeita mkokoteni bila kukuuliza."

"Wewe ulisema."

"Nilisema mara moja tu."

Nilimwambia asibebe hilo hadi Ruiru. Alinikumbatia na beseni likiwa katikati yetu, nikasikia baridi yake tumboni.

Nyumbani kwetu Maxine alizima taa na kufunga pazia, kana kwamba hilo lingesaidia. Tuliliweka beseni pembeni mwa chungu. Alilala chini karibu nalo akisoma kitabu cha shule, na kila baada ya muda aliingiza mkono chini ya taulo. Mabati yalianza kulia juu yetu jinsi yanavyolia yakipata joto. Mchana ulipofika, barafu ndani ya chupa ilikuwa imegeuka maji.

"Ikiisha, Kukhu?"

"Tutahamishia kwenye chungu."

"Na mwezi wa pili?"

Nilikuwa nimelowesha mchanga tayari. Nilishika ukuta wa chungu kwa kiganja. Ulikuwa na ubaridi kidogo, kama paji la uso la mtu asiye na homa. Hakuna zaidi ya hapo. Nilikiweka kikopo ndani, nikafunika kitambaa kibichi.

Alasiri simu ililia. Tulishtuka sote wawili. Maxine aliichukua kwenye aproni yangu akasoma.

"Asante kwa kununua nasi, tawi la Ruiru. Umepata pointi mbili." Aliinua macho. "Ni nani?"

"Ni Nadira," nilimwambia. "Wamefika. Amenunua mkate."

Alinirudishia simu. Nilifungua chupa moja ya beseni, maji yalikuwa yamekwisha kuwa vuguvugu, nikayamimina polepole kwenye mchanga.